Lori la Dereva, Kibali cha Kampuni

Dereva wa Marekani anayeendesha lori lake mwenyewe alikuwa na gari bila haki ya kubeba mizigo mingi kwa miaka 45, kuanzia 1935 hadi 1980.

Mambo yalianzia kwenye Mdororo Mkuu. Watu waliopoteza kazi walichukua malori kwa mkopo na kubeba chochote kwa bei yoyote, na kampuni za reli zikalia kwamba soko linaharibiwa. Mnamo Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria iliyoweka malori ya baina ya majimbo chini ya tume iliyosimamia reli tangu 1887. Waliokuwa barabarani kabla ya Juni mwaka huo waliendelea na kazi zao. Aliyekuja nyuma yao alitakiwa kuthibitisha kwamba umma unamhitaji, huku kampuni zenye vibali zikiruhusiwa kumpinga mbele ya tume, nazo hazikuona haya. Kwa kuwa kibali kilitaja aina ya mzigo na mara nyingi hata barabara ya kupita, kikageuka mali ya kuuzwa na kununuliwa.

Uchochoro ulibaki mmoja. Mifugo, samaki na mazao ghafi ya shamba havikuhitaji kibali, kwa hiyo wenye malori yao wakakimbilia machungwa, nyanya na ng'ombe. Ubishi juu ya maana ya zao ghafi ulifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1956 iliamua kwamba kuku aliyechinjwa, akanyonyolewa na kugandishwa bado ni zao la shamba. Uamuzi unachekesha kidogo, ila uliwapa wengi riziki. Balaa lilikuwa safari ya kurudi: aliyeshusha nyanya mjini hakuruhusiwa kupakia viatu vya kiwandani, na tela tupu halilipi dizeli. Wengi wakaishia kukodisha lori, pamoja na wao wenyewe kama madereva, kwa kampuni yenye kibali. Jina la kampuni likapakwa mlangoni na nauli ikagawanywa. Mafuta, matairi na gereji kwa kawaida vikabaki juu ya mwenye lori.

Mpangilio huo ulipasuka 1973, mafuta yalipoadimika na kupanda bei wakati nauli zimefungwa na tume. Desemba mwaka huo madereva walioitana kwa redio za malorini walisimamisha malori na kuziba barabara kuu, hasa Pennsylvania na Ohio. Januari 1974 kikomo cha taifa cha maili 55 kwa saa kikaongeza hasira, na mgomo mwingine ukafuata Februari.

Sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter tarehe 1 Julai 1980 ilirahisisha kupata kibali. Wageni wakamiminika, nauli zikashuka, na kampuni nyingi kongwe zikafilisika. Tume yenyewe ilivunjwa mwishoni mwa 1995.

Siku hizi ada ya kuomba kibali ni dola 300. Kizingiti kimehamia kwenye bima: anayebeba mizigo ya kawaida kwa lori kubwa lazima awe na kinga isiyopungua dola 750,000, na mgeni asiye na historia barabarani hutozwa ghali. Ndiyo maana wanaoanza, wakiwemo Wasomali wengi wa Minnesota, mara nyingi bado huendesha malori yao chini ya jina la kampuni nyingine.