Karema na Ziwa Lake

Udogo wa kijiji si udogo wa historia yake. Pana mahali padogo palipopitiwa na mambo makubwa, na Karema ni mahali pa namna hiyo. Kijiji hiki kimo katika Mkoa wa Katavi, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha kilomita 120 kutoka mji wa Mpanda. Nyuma yake ni nchi ya Wabende. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni Kongo.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alifika Karema kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoundwa na Mfalme Leopold II mwaka 1876. Ngome ikajengwa karibu na maji, ili bara na ziwa vikutane mlangoni pake. Wajenzi walidhani ufuko ni kitu kisichohama. Lakini ziwa lina njia moja tu ya kutokea, nayo ni Mto Lukuga, upande wa magharibi. Stanley alipoizuru mwaka 1876 aliikuta imezibwa kwa mchanga na matete, na ziwa limejaa. Hore alipofika mwaka 1879 maji yalikuwa yakitoka kwa kasi. Basi wakati ngome ikipanda, ziwa lilikuwa likishuka. Katika miaka kumi na mitano hivi lilipungua kiasi cha mita 10, na ngome ikaachwa nchi kavu, mbali na maji iliyojengewa.

Baada ya maji walihama na wenye ngome. Mwaka 1885 Wabelgiji waliikabidhi kwa Mapadri Weupe, nao wakaifanya makao ya misheni. Mwaka 1969 hata jimbo la kanisa lililoitwa kwa jina la Karema likaitwa Sumbawanga.

Ni nani, basi, aliyebaki? Kwanza ni wenyeji, waliolima na kuvua kabla ya ngome na baada yake. Pili ni mgeni mmoja, Adrien Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa na mapadri, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956: miaka 67. Aliyepata kuuzwa kama bidhaa ndiye aliyekaa kuliko waliokuja na bendera.

Katika miaka hii ya 2020 bandari mpya imejengwa Karema kwa ajili ya biashara na Kongo. Na ziwa nalo limepanda tena, hata likagharikisha nyumba Bujumbura na kwingineko. Bandari ni neema, wala hapana haja ya kuipinga. Lakini ngome ya 1879 ingali yatufundisha: atakaye kujenga Karema na aulize kwanza tabia ya maji, kisha awaulize walioishi nayo.