Andalio la Somo na Theluji ya Kibo

Nimezaliwa chini ya theluji, lakini mpaka leo sijaigusa kwa mkono wangu. Msomaji asishangae. Wengi wetu tuliolelewa migombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tunaijua theluji ya Kibo kama tunavyoujua mwezi. Asubuhi tunaitazama, mawingu yakishuka tunaisahau, nasi tunashika majembe.

Nilifundisha katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, mwishoni nikiwa mkuu wa chuo. Katika miaka hiyo nilisahihisha maandalio ya somo yasiyo na idadi. Moja tu ndilo linalonisumbua katika uzee wangu.

Ilikuwa mwaka 1979, wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja, binti wa huku huku mlimani, aliandaa somo la jiografia kwa darasa la sita. Alitaka watoto wafikiri kwamba yako mashindano ya kuteleza juu ya theluji kutoka kileleni Kibo. Wakokotoe tofauti ya kimo kati ya Moshi, kwenye mita 800 hivi, na kilele, mita 5,895. Waeleze kwa nini baridi huzidi kadiri mtu apandavyo, na theluji ingekomea wapi. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika: “Upuuzi. Fundisha kilichopo.” Akaandaa somo jingine, la kilimo cha kahawa, likapata alama nzuri.

Nilijiona mwalimu makini. Kumbe mjinga nilikuwa mimi.

Baadaye, katika kusoma habari za mlima wetu, niligundua kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii, yaani zile mbao nyembamba za kutelezea, wakazitumia katika kushuka. Barafu moja ya kileleni ina jina la Furtwängler hadi leo. Basi jambo nililoliita upuuzi lilikuwa limekwisha kutendeka juu ya kichwa changu, kabla hata ya kuzaliwa kwangu.

Tena nilikumbuka habari ya Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huu tarehe 11 Mei 1848. Kiongozi wake Mwafrika aliuita ule weupe “baridi” tu, na Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari ilipofika London, mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley aliikataa. Yeye hakuwa amefika huku, lakini vitabu vyake vilimtosha. Miaka mingi nilimcheka Cooley mbele ya wanafunzi wangu. Sikujua kuwa nami nina kalamu kama yake.

Mwaka 1998 ikaja habari ya Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Yeye alishindana katika skii za mwendo mrefu, kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Lakini Dæhlie hakwenda kupokea medali kwanza. Alimngoja Boit mwishoni mwa njia akamkumbatia. Boit naye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Bado nilijitetea moyoni: huo ni mbio, na Wakenya ni watu wa mbio. Kushuka mlima kwa kasi ni jambo jingine.

Mwaka 2018 utetezi huo nao ukaisha. Katika Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, bendera ya Kenya ilibebwa na msichana wa miaka 19, Sabrina Simader. Alizaliwa Kilifi, pwani, mahali pa minazi na joto. Akiwa mtoto wa miaka mitatu hivi alihamia Austria pamoja na mama yake. Baba yake wa kambo alikuwa na mtambo wa kuwapandisha watelezaji mlimani, na ndiye aliyemfundisha. Akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika Kombe la Dunia la skii za kushuka mlima, na mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Katika mchezo huo mtu hushuka kwa kasi ya gari la barabara kuu, akikata kona katikati ya milango ya rangi nyekundu na buluu. Akiukosa mlango mmoja, ametoka mashindanoni. Muda hupimwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Siku ile, katika mbio ziitwazo super-G, Ester Ledecká wa Cheki alimshinda Anna Veith wa Austria kwa sehemu moja tu ya mia. Simader alimaliza wa 38.

Wengine watauliza: nafasi ya 38 ni kitu gani? Mimi mwalimu najibu kwamba tuangalie mtoto alianzia wapi na nani alisimama karibu naye. Mtoto wa Kilifi alipata mtu mwenye mtambo na subira. Watoto wa Marangu, Machame na Rombo wana theluji juu ya mapaa yao, lakini walipata kalamu nyekundu. Sisemi kwamba Kibo ingefaa kuwa uwanja wa mashindano, kwani hewa yake ni nyepesi na ni mbali na barabara. Nasema kwamba swali lilistahili darasa. Hata vipaji vilivyokwisha kuonekana vinahitaji fedha na watu wa kuvisimamia, maana Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022 ilipita bila Mkenya hata mmoja.

Na theluji yenyewe haitungoji. Kati ya mwaka 1912 na 2011 zaidi ya sehemu nne kwa tano za barafu ya Kibo zilitoweka. Somo lile halitaweza kufundishwa kwa kunyoosha kidole dirishani milele.

Baada ya Olimpiki ile nilikutana na yule mwanachuo msibani, huko Marangu. Naye amestaafu ualimu, ana wajukuu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama.”

Nikamweleza habari ya Wajerumani wa mwaka 1912 na ya binti wa Kilifi. Nikamwambia kuwa andalio lake lilikuwa sahihi, nami nilikosea, anisamehe. Alicheka kwa upole.

“Mwalimu, hayo yalikwisha zamani. Ila sikuandaa tena somo la namna ile.”

Alifundisha miaka 34.