Bloku, pistoni na kerezo: tarehe ya injini za pikipiki Ungoni

Tarehe ya ufundi wa injini za pikipiki Ungoni, kusini mwa Tanzania, huanzia misheni, miaka mingi kabla pikipiki ya kwanza haijapita. Shirika la Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien liliasisiwa Ujerumani na Andreas Amrhein mwaka 1884. Wamisionari wake walifika Dar es Salaam mwaka 1888, na miaka kumi baadaye Padri Cassian Spiss akafungua misheni ya Peramiho. Pamoja na mapadri walikuja mabruda, na bruda alikuja na kazi yake mkononi: useremala, uashi, uhunzi, ushonaji wa viatu. Vita vya Maji Maji vilipofika Ungoni mwaka 1905 misheni ilichomwa moto. Ilijengwa tena, na karakana zikakua sambamba na kanisa.

Hanga ilizaliwa katika miaka ya 1950, chini ya Abate-Askofu Eberhard Spiess wa Peramiho, ikiwa monasteri ya Waafrika wenyewe. Kwa anayefuatilia historia ya ufundi, hilo ni jambo kubwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, ina sura nzima, ya 57, juu ya mafundi wa monasteri. Sura nyingine inamtaka abate awe na orodha ya zana anazowakabidhi ndugu zake, na mtunza mali anatakiwa aviheshimu vyombo vya kazi sawa na vyombo vya altare. Bruda Mngoni aliyeishika maikromita katika maisha ya namna hiyo alijifunza mambo mawili kwa pamoja, kupima na kutunza. Naamini fundi wa injini hana msingi mwingine.

Pikipiki iliingia kwa sababu ya vigango. Parokia moja ilikuwa na vijiji vilivyotawanyika, njia za miguu, madaraja ya magogo, na masika yaliyofunga barabara. Mwaka 1927 padri Mjerumani Paul Schulte alianzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, baada ya rafiki yake padri kufariki Afrika akiwa mbali na tiba. Kuanzia hapo sura ya padri aliyefungasha vifaa vya misa nyuma ya pikipiki ikawa ya kawaida katika bara zima. Baadaye bwana shamba na bwana afya nao wakapanda zao.

Kipimo kigumu cha mafundi kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliondoa spea madukani. Mpaka biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mwenye injini iliyochoka alikuwa na njia mbili: kuiegesha, au kumtafuta mwenye kerezo.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana watu wengi huliona gurudumu likizunguka na hawaijui kazi iliyo ndani. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya bloku maelfu ya mara kwa dakika. Vumbi likipenya chujio, hukwangua ukuta wa tundu, na tundu huacha kuwa duara: hupanuka zaidi upande mmoja, zaidi tena karibu na juu. Likizidi kipimo chake kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, oili hupanda, moshi wa buluu hutoka na nguvu huisha. Fundi huifunga bloku kwenye mashine, huitafuta kati yake, kisha huchonga mpaka tundu liingie pistoni iliyo kubwa zaidi kwa 0.25, au 0.50, au 0.75, mwisho 1.00. Nafasi inayobaki kati ya pistoni na ukuta ni nyembamba kuliko unywele. Ikibana, injini inashika njiani; ikizidi, umeharibu bloku ya mtu.

Bloku iliyofika mwisho wa saizi huvalishwa sliv mpya ya chuma cha kalibu. Aluminiamu hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma hicho, kwa hiyo bloku hupashwa moto, sliv iliyokerezwa kubwa kidogo hudondoshwa ndani kwa pigo moja lisilositasita, na bloku ikipoa huishika. Krenki ni kazi ngumu zaidi. Injini hizi za pistoni moja zina krenki ya vipande viwili vilivyobanwa na pini. Kubadilisha konrodi ni kuvitenganisha kwa presi, kuvirudisha, kisha kuvinyoosha kwa nyundo ya shaba huku saa ya kupimia ikionyesha mtikisiko wa sehemu za mia za milimita.

Katikati ya miaka hiyo ya 1970 Honda walikuwa wametengeneza CG125 kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa kwa nadra. Waliiondoa cheni ya kamshafti, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu kutoka chini. Tundu lake ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni 49.5. Wachina waliinakili, na nakala hizo, SanLG miongoni mwake, ndizo zilizojaza barabara zetu bodaboda ilipovuma na hatimaye kuwekewa kanuni za leseni mwaka 2010.

Wingi huo umeleta ajira, na umeyapunguzia makerezo kazi. Bloku mpya huuzwa pamoja na pistoni, ringi na gasketi zake, na kijana huibadilisha chini ya mwembe. Simlaumu, abiria anasubiri. Lakini Yamaha AG100 ya bwana shamba haiokolewi hivyo. Hiyo huchanganya oili na petroli, bloku yake ina madirisha ubavuni, na baada ya kuchonga lazima kingo za madirisha zilainishwe, la sivyo ringi hunasa na kukatika. Pistoni yake isipopatikana, fundi mzee hutafuta ya pikipiki nyingine yoyote. Huangalia kwanza kipenyo cha pini, pili kimo kutoka pini hadi utosini, tatu mahali pa vijipini vinavyozuia ringi zisizunguke. Vikikubali vyote vitatu, analichonga tundu kuifuata pistoni.