Mwalimu wetu alilipwa na nani?

Ndugu wenzangu, wengi wetu tulimaliza shule juu mama alikuwa anauza kitu sokoni, tusifukuzwe darasani. Watu wanasema ni desturi ya Congo, mzazi kulipa mwalimu. Mimi niko nasoma sera za serikali kwa masta, na historia inaonyesha kama ile ilikuwa dawa ya muda tu.

Mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ya Mobutu ilishindwa kulipa walimu. Wakagoma, shule zikafungwa. Ndipo wazazi wakakubali kuchanga "primu" ili mwalimu arudi ubaoni. Lakini ile franga haikubakia kwa mwalimu peke yake. Sehemu yake ilikuwa inapanda kwenye ofisi za elimu, ngazi kwa ngazi. Kila ngazi ikazoea kuishi nayo.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ikasema shule ya msingi ya serikali ni bure. Mzazi akaendelea kulipa hadi Septemba 2019. Miaka 13! Na bure ilipofika, watoto wakajaa darasani kupita benchi, na walimu wengi walikuwa hawajaingia kwenye listi ya mshahara.

Kwa hiyo, tukisoma sheria, tusiulize tu inasema nini. Tuulize pia: ile inayoondolewa, nani alikuwa anakula kwayo, na kesho atakula nini?

Kwenu primu ilikuwa inagawanywa namna gani? Andikeni hapa chini.