Kutoka Alifu kwa Kijiti hadi Sarufi

Kabla ya shule za serikali, mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, alijifunza kusoma katika chuo cha Kurani. Alianza na majina ya herufi, akaja kwenye alama za irabu, akaunganisha silabi kwa sauti pamoja na wenzake, kisha akaingia Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani. Akimaliza msahafu, amehitimu. Hata leo asiyejua lolote husemwa hajui alifu kwa kijiti.

Njia hiyo ilimpa ulimi mwepesi. Haikumpa maana.

Maana ilikuja baadaye, kwa waliojaliwa kuendelea na darasa za masheikh misikitini. Huko walifunzwa nahau (muundo wa sentensi) na sarufi (muundo wa neno), wakaona jinsi neno la Kiarabu linavyochipuka kutoka kwenye mzizi, mara nyingi wa herufi tatu: k-t-b huzaa kitabu, katibu na maktaba, d-r-s huzaa darasa na madrasa. Mtoto wa Mombasa alikuwa na bahati ya ziada, kwani maneno hayo alikuwa amekwisha kuyasikia nyumbani.

Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hapo msomaji alihitaji ujuzi wa aina nyingine. Katika maandishi mengi ya kale, alama ya kasra ilisimama kwa i na e, ya dhumma kwa u na o, herufi bee ikabeba p pia, na n ya nd mara nyingi haikuandikwa. Akipenda ingeweza kuonekana kama akibida. Aliyezoea kuwa a- ni mtendaji na -ki- ni sharti, alibakiwa na shina tu la kutambua.

Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, alishirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuhifadhi tungo za mshairi Muyaka na kuboresha hati hiyo ili kila sauti ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ipate alama yake. Baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Aliwaandikia watu wake kwa Kiswahili, kwa sababu wengi waliisoma Kurani bila kuielewa.

Mwaka 1986 mpango wa shule za awali za madrasa ulianza papa hapa Mombasa, ukiunganisha mafunzo ya dini na kusoma, kuhesabu na michezo. Wanafunzi wa namna hiyo hukutana na hati mbili tangu utotoni. Mwalimu anayewaonyesha mzizi wa Kiarabu na viambishi vya Kiswahili bega kwa bega huwapa mapema kile ambacho babu zao walikisubiri hadi ukubwani.