Jino la Mbegha na Kiti cha Elimu

Abdallah bin Hemedi l-Ajjemy, aliyeishi miaka mingi kwa Semboja huko Mazinde, leo wilaya ya Korogwe, alitia katika Habari za Wakilindi kisa cha Mbegha wa Ngulu. Mbegha alikuwa kigego. Meno ya juu yalimtangulia kuota, na wazee wake wakalificha jambo hilo. Walipokufa na mirathi ikafika kugawanywa, jamaa zake wakamnyima fungu lake, wakidai kuwa kigego ndiye awaletaye mauti.

Hapo pana mambo mawili, na aghalabu watu huyachanganya. Jino lilikuwa kweli, na tamaa ya mirathi ilikuwa kweli. Lakini jino halithibitishi uuaji, wala tamaa ya mshtaki haing'oi jino.

Mizani hiyo ilihitajika Marekani. Claudine Gay, mtu mweusi wa kwanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Harvard, alishika kiti Julai 2023. Desemba 5 alihojiwa bungeni juu ya chuki dhidi ya Wayahudi. Siku chache baadaye wapinzani wa kisiasa, Christopher Rufo akiwa mbele, wakatangaza kuwa maandishi yake yana maneno ya wengine yasiyotajiwa wenyewe ipasavyo. Rufo hakuficha kuwa alitaka aanguke. Chuo kilikiri upungufu katika kutaja, kikakana kuwa kanuni za utafiti zilivunjwa. Januari 2, 2024 Gay alijiuzulu.

Siasa na kiti cha elimu si wageni hapa kwetu. Mwaka 1970 Pius Msekwa alitolewa katika ukatibu mtendaji wa TANU akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971 Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi, alimwandikia barua ya wazi ya lawama, akafukuzwa. Harvard aliondoka mshtakiwa. Dar es Salaam aliondoka mshtaki.

Malenga wa mwambao hutia jina lake katika beti za mwisho, kwani neno lina mwenyewe. Anayelichukua bila ya kumtaja mwenyewe aulizwe, hata kama anayeuliza ni hasimu wake. Lakini hukumu ipimwe kwa ukubwa wa alichochukua, isipimwe kwa ukubwa wa uhasama. Mbegha alinyimwa mizani hiyo Ngulu, akashika njia na mbwa zake. Wasambaa wa Vugha walimpima kwa aliyoyatenda, wakamtawalisha.