Mweka Dau na Mpokea Dau: Hukumu ya Umma juu ya Kamari, kutoka Mbio za Farasi hadi Kaplong

Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu anayecheza kamari hakosi jina. Huitwa mcheza kamari au mkamaria, na vijana husema tu kwamba fulani anabeti. Lakini yule anayelipokea dau lake, akapanga viwango vya malipo na kuishi kwa tofauti iliyopo kati ya fedha zinazoingia na zinazotoka, hana jina moja ambalo wasemaji wote wanalitumia bila kusita. Wengine hutohoa neno la Kiingereza wakasema bukmeka. Wengine husema kampuni, jambo ambalo ni sawa na kutosema lolote. Katika makala haya tutamwita mpokea dau, na mwenzake tutamwita mweka dau.

Makala haya yanadai kwamba pengo hili la msamiati lina historia, na kwamba historia hiyo inaeleza kwa nini hukumu ya umma juu ya kamari humwangukia mweka dau peke yake. Tutaanza na mbio za farasi, kwa kuwa ndiko kamari ya kisasa ya Kenya ilikotokea, kisha tutafika Kaplong, katika nchi ya majani ya chai, ambako farasi wa mashindano hawajulikani lakini kamari inajulikana sana.

Farasi na Heshima

Mbio za farasi zililetwa Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Uwanja wa Ngong jijini Nairobi, unaosimamiwa na Jockey Club ya Kenya, ulifunguliwa mwaka 1954. Tangu awali dau lilikuwa sehemu ya shughuli, ila halikuwa na sura ya dhambi. Palikuwa na farasi wa ukoo unaojulikana, mavazi rasmi, klabu na wanachama wake. Mtu aliyepoteza fedha pale alihesabiwa kuwa ameshiriki mchezo wa waungwana.

Ubaguzi huu haukuzaliwa Nairobi. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1853 ilipiga marufuku nyumba za kamari, na ile ya mwaka 1906 ikakataza kamari ya mitaani, ilhali kuweka dau katika uwanja wenyewe, au kwa mkopo kama walivyofanya matajiri, kuliendelea kuruhusiwa. Maduka ya kamari hayakuhalalishwa hadi sheria ya mwaka 1960, nayo yakafunguliwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo, kwa zaidi ya nusu karne, tendo moja lilikuwa burudani au kosa la jinai kutegemea mahali aliposimama mtendaji na kiasi cha mali yake. Mtazamo huo wa kitabaka ndio waliokuja nao wakoloni.

Baada ya uhuru, Sheria ya Kamari, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 1966 ilimtambua mpokea dau kama mtu anayestahili leseni. Hapa msamiati wenyewe unafaa kuchunguzwa. Kamari ni neno lenye asili ya Kiarabu, na limebeba katazo la dini ya Kiislamu pamoja nalo. Bahati nasibu, kwa upande mwingine, linamfikirisha msikiaji juu ya fungu alilopangiwa mtu na Mwenyezi Mungu. Hivyo, kununua tikiti ya bahati nasibu kibandani kuliweza kuonekana kama kubisha mlango wa riziki, na kucheza karata tatu au pata potea sokoni kukaonekana kuwa upotovu. Katika hali zote mbili mtu hutoa fedha kwa jambo asilolijua matokeo yake. Lililotofautiana ni jina.

Mpokea Dau katika Fasihi

Riwaya ya George Moore, Esther Waters (1894), inafaa kutupiwa jicho kwa sababu ni miongoni mwa kazi chache zinazomweka mpokea dau ndani ya nyumba, mezani pamoja na mkewe. Esther ni mtumishi katika nyumba ya watu wanaofuga farasi wa mashindano. William Latch, anayemzalisha na baadaye kumwoa, ana baa jijini London ambamo hupokea madau kinyume cha sheria. Wateja wake ni watumishi na watu wa kipato kidogo. Mmoja wao, mwanamke, anaishia kuiba mali ya mwajiri wake ili aweke dau. Hata hivyo Moore hamchori William kama shetani. Ni mtu mkarimu, mwenye kuipenda familia yake, anayeishi kwa hasara ya majirani zake na mwisho anakufa maskini kwa kifua kikuu. Msomaji analazimika kumtazama na kumhukumu kama mtu kamili.

Tukilinganisha na West with the Night (1942) ya Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kupata leseni ya kufundisha farasi akiwa kijana, tunaona jambo tofauti. Katika sura inayosimulia mbio za St Leger jijini Nairobi, moyo wote wa simulizi umo katika farasi Wise Child na miguu yake dhaifu. Karibu naye yuko arap Ruta, ambaye msimulizi anamtambulisha kama Mnandi, rafiki yake tangu utoto alipoitwa Kibii. Mhusika huyu, anayetoka katika jamii iliyo ndugu na Wakipsigis, anatupa picha ya nafasi aliyokuwa nayo Mwafrika katika ulimwengu huo: ni mtunza farasi, mwenye maarifa na uaminifu, lakini farasi si wake wala uwanja si wake. Uzito wa sura hiyo uko katika ujasiri wa mnyama. Biashara ya dau haiulizwi swali lolote. Tunaweza kusema kwamba farasi, kwa uzuri wake, anaifunika kamari.

Hesabu Isiyosimuliwa

Mhakiki akitaka kumwelewa mpokea dau, hana budi kuielewa kazi yake. Tuchukue shindano lenye matokeo mawili yenye nafasi sawa. Kwa haki, dau la shilingi 100 lingelipwa shilingi 200. Mpokea dau huweka kiwango cha 1.90, yaani shilingi 190. Akipokea 100 kila upande, anaingiza 200 na kulipa 190, yeyote atakayeshinda. Yeye hachezi kamari; anauza kamari.

Tofauti hiyo ndogo hukua pale mweka dau anapounganisha mashindano. Mashindano 10 ya aina hiyo yakiunganishwa, shilingi 100 huahidi takriban shilingi 61,300, na ahadi hiyo ndiyo inayoonekana. Kisichoonekana ni kwamba nafasi ya kupatia yote ni 1 katika 1,024, na kwamba kwa wastani dau la 100 hurudisha shilingi 60 tu.

Kaplong: Ng'ombe, Chai na Simu

Kaplong ni mji mdogo wa njia panda katika Kaunti ya Bomet. Barabara ya kutoka Kericho kupitia Litein hukutana hapo na ile ya kutoka Narok na Bomet, kabla ya kuelekea Sotik na Kisii. Pana hospitali na shule ya wasichana za Wakatoliki. Ardhi ya Sotik iliyo jirani ilitwaliwa na wakoloni baada ya msafara wa kijeshi wa mwaka 1905, wakapewa walowezi.

Wakipsigis walikuwa na fikra zao kuhusu hatari kabla ya mambo haya. Katika desturi ya kimanagan, mwenye ng'ombe aliwakabidhi baadhi yao kwa rafiki anayeishi mbali. Rafiki alikunywa maziwa, na umiliki ukabaki kwa mwenyewe. Maradhi au wavamizi wakiingia boma moja, mali yote haikuangamia. Hii ni elimu ya kuigawa hatari, ambayo ni kinyume kabisa cha kuikusanya katika dau moja. Kwa hiyo si sahihi kudai, kama wafanyavyo wahubiri wengine wa maendeleo, kwamba mkulima wa huku hakuwahi kujua kupima bahati yake.

Chai ilibadilisha mwendo wa fedha. Kwa mkulima mdogo anayeuza majani kupitia KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964, fedha nyingi za mwaka huja kwa mkupuo, kwa jina la bonasi, na kiasi chake hutegemea bei za mnada wa Mombasa asizoweza kuzibadili. Mtu aliyezoea kungojea tarakimu kutoka mbali si mgeni kabisa wa kungojea matokeo ya mechi. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na SportPesa mwaka 2014. Kuanzia hapo uwanja wa mashindano ulihamia mfukoni. Mwaka 2017 mshindi mmoja nchini alipata takriban shilingi milioni 221, na habari hiyo ikawa ngano ya taifa.

Makanisa hayakunyamaza, lakini hayakusema kwa sauti moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 haiulaani mchezo wa bahati wenyewe, bali inaukataa pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine. Mapokeo ya Kimethodisti ya utakatifu, yaliyoingia Bomet kupitia misheni ya Tenwek, huikataa kamari yote. Hata hivyo, mafundisho haya kwa kawaida humlenga mweka dau. Methali ya mchuma janga kula na wa kwao hutajwa kwa ajili ya kijana aliyepoteza karo. Haitajwi kwa ajili ya aliyeipokea.

Serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni 27 mwezi Julai 2019, kwa muda mfupi mpokea dau alionekana. Lakini alionekana kama mlipa kodi mtata, na mjadala ukawa wa mapato ya dola. Hata kuja kwa Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, hakujampa sura katika fikra za watu.

Hitimisho

Tumeona kwamba farasi aliifunika kamari ya wenye mali kwa heshima, na kwamba kamari ilipomfikia mtoto wa mkulima ilikuwa imevuliwa joho hilo, ikabaki na jina la dhambi. Katika safari yote hiyo mpokea dau alibadilika kutoka mtu aliyesimama uwanjani hadi ujumbe kwenye simu. Hatusemi kwamba mweka dau hana lawama. Tunasema kwamba hukumu inayomjua mmoja tu kati ya wawili walioshiriki ni hukumu pungufu. Fasihi ya Kiswahili imezoea kumsimulia mlevi, mzinzi na mkamaria hadi anapoangamia. Ingefaa sasa ituandikie mpokea dau wa Kaplong au wa Nairobi, mwenye watoto, mwenye sala zake na mwenye hesabu ya 1.90, ili nasi tuweze kumhukumu kama Moore alivyowawezesha wasomaji wake.